Mkuu wa Kaya Aliyekataa Ukuu

Ofisini kwetu jinsia iliwekwa mwishoni, saa chache kabla ya ripoti kutumwa, kama chumvi iliyosahaulika mpaka mboga ikaiva. Dokta, aliyekuwa akiongoza miradi yetu ya utafiti, alisimama mlangoni mwa chumba changu na miwani yake juu ya kipara, akasema, "Dada, hebu tuwekee jinsia humo, wafadhili wanaisubiri kabla ya saa kumi." Kisha akaenda zake kunywa chai.

Mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, nilikuwa mwanamke pekee katika timu. Pili, niliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili katika hoteli moja hapa Morogoro mjini, nikarudi na cheti na begi la kitambaa. Kwa cheti kile nikahesabiwa kuwa mtaalamu. Wenzangu waliniita Mama Jinsia, na nisiseme uongo, jina lilinipendeza.

Kazi yenyewe nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba ningeweza kuifanya huku naongea na simu. Napitia ripoti, na kila palipoandikwa "wakulima" naongeza "wa kike na wa kiume". Naangalia kama neno "ushirikishwaji" limetajwa vya kutosha. Kama halijatajwa, nalipandikiza popote penye nafasi. Halafu nafungua faili lililohifadhi aya yangu ya jinsia, naikopi, nabadilisha jina la mahali, naibandika katika sura ya nne. Aya ilisema kwamba katika jamii husika mila zinamnyima mwanamke haki ya kumiliki na kurithi ardhi, kwamba mwanamume ndiye mwenye kauli, na kwamba juhudi za makusudi zinahitajika. Niliiandika mara ya kwanza kwa ajili ya jamii moja ya wafugaji, mbali na hapa, na kwao ilikuwa kweli tupu. Baadaye nikaitumia kwa wavuvi, kwa warina asali, na siku moja kwa ripoti ya matangi ya maji ya mvua katika shule za msingi. Hakuna aliyeuliza urithi wa ardhi una uhusiano gani na tangi. Walisema aya ile imeipa ripoti uzito.

Mwisho wa kila ripoti kulikuwa na karatasi ya maswali kutoka kwa wafadhili. Mojawapo liliuliza: je, ripoti imezingatia mtazamo wa jinsia? Dokta alikuwa anaweka alama ya vema kwenye Ndiyo kabla mimi sijawasha kompyuta.

Basi ukaja utafiti wa Uluguru. Ulihusu mashamba ya miteremkoni, udongo unaosombwa na mvua, na matuta ya ngazi. Wazo lilikuwa kwamba mtu akipewa hati ya kimila ya shamba lake ataulinda udongo wake vizuri zaidi. Tungepanda milimani na vishikwambi, tupime mipaka ya kila shamba, tujaze fomu ya kila kaya, na majina yangetumika baadaye kuandaa hati. Mafunzo yetu yalichukua asubuhi moja. Tulipofika swali la nne, jina la mkuu wa kaya, Dokta alitoa ufafanuzi.

"Kukiwa na mume, mkuu wa kaya ni mume. Mke anakuwa mkuu akiwa mjane, ametalikiwa, au hajaolewa. Mfumo umeshapangwa hivyo, msijisumbue."

Mimi, Mama Jinsia, nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nikaandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari.

Na siwezi kujitetea kwamba sikujua. Baba yangu alitoka Singida kuja kufanya kazi kiwandani, lakini mimi nimezaliwa Morogoro, nimekulia mtaa uliojaa Waluguru. Tangu utotoni nilisikia kwamba kwao ardhi ni ya ukoo wa mama, kwamba mume ndiye anayehamia kwa mke, na kwamba mtoto anahesabiwa upande wa mama yake. Nilijua hayo kama ninavyojua jirani yangu anapika nini Ijumaa. Haikunijia kabisa kwamba huo ni ujuzi, kwa sababu haukuwa na rejea. Kwetu sisi watu wa ripoti, jambo ambalo halina rejea ni umbeya.

Kaya ninayotaka kuieleza ilikuwa juu ya Mlali, mahali ambapo njia inapanda mpaka magoti yanaanza kulalamika. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na shamba lilianzia nyuma ya jiko likashuka mpaka kijitoni: migomba, maharage, magimbi kwenye unyevu. Mwenyeji wetu alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuitana na watu wa mlima wa pili. Alituwekea ndizi za kuchemsha kabla hatujasema tumefuata nini. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe kwa panga.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuleni kwanza."

Tukala. Kisha nikafungua kishikwambi, nikafika swali la nne.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mkuu wa nini?" mama akauliza.

"Wa hapa nyumbani."

Mzee akanyoosha panga kuelekea kwa mkewe. "Ni huyu. Mimi hapa nimeoa tu. Kwetu Kisaki."

Nikaandika jina la mama. Kioo kikaleta maandishi mekundu: mwanamke mwenye mume hawezi kuwa mkuu wa kaya, rekebisha. Nikajaribu tena. Yakaja mekundu yaleyale.

"Mfumo unakataa, baba."

"Unakataa nini?"

"Unasema mkuu ni wewe."

Akacheka. "Haya, mwambie huyo mfumo aje alime." Kisha akaweka panga chini na kicheko kikaisha. "Lakini usiniandike, binti yangu, nakuomba. Shamba hili ni la lukolo lao, la ukoo wa mama zao. Alilima mama yake, na kabla yake bibi yake. Watarithi hawa watoto wake. Sasa ukiliandika langu, siku nikifa atakayerithi mali yangu siyo watoto hawa. Kwa mila zetu ni wapwa zangu, watoto wa dada yangu. Watapanda huku kutoka Kisaki waseme wamekuja kuchukua shamba la mjomba."

Sijawahi kupewa maelezo mazuri kuliko hayo. Yalikuwa sura nzima ya ripoti, na yalitoka kwa mwanamume aliyekuwa anaukataa umiliki kwa mdomo wake mwenyewe. Mtafiti mwenye akili angefunga kishikwambi, akafungua daftari. Mimi niliangalia mawingu, nikakumbuka kaya zilizobaki, nikawaza njia itakavyoteleza mvua ikinyesha.

"Hayo majina yanakwenda wapi, mwanangu?" mama akauliza.

"Ni ya utafiti tu, mama."

Nikamwandika mume kuwa mkuu wa kaya na mwenye shamba. Mke nikamwandika mwenza. Kioo kikakubali mara moja. Mzee aliweka kidole gumba kwa sababu nilimwambia kwamba ni cha kuonyesha tu kuwa tulifika.

Tuliporudi ofisini matokeo yalikuwa safi ajabu. Wakuu wa kaya karibu wote walikuwa wanaume, kwa hiyo mashamba karibu yote yalikuwa ya wanaume. Kwa mara ya kwanza aya yangu ya jinsia haikuhitaji kubanwa ili iingie, ilikaa yenyewe. Dokta aliisoma akagonga meza.

"Unaona? Takwimu zimethibitisha kilichoandikwa na wataalamu."

Tulikuwa tumekifundisha kishikwambi jibu, kikatujibu, nasi tukashangaa jinsi kinavyojua mambo. Katika mapendekezo tukaandika kwamba wanawake wa Uluguru waongezwe kwenye hati pamoja na waume zao, ili nao waanze kumiliki ardhi. Wafadhili walijibu kwa barua pepe ndefu kwamba ripoti yetu ni mfano wa kuigwa katika masuala ya jinsia. Dokta aliisoma kwa sauti korido nzima isikie, akaniletea soda. Ningependa kusema kwamba soda ile ilinikwama kooni. Haikunikwama. Ilikuwa ya baridi, na siku hiyo kulikuwa na joto.

Miezi kadhaa baadaye simu yangu ikaita; namba yangu tulikuwa tumeiacha kwenye kila kaya.

"Mwanangu, ni mimi. Mama wa ndizi, kule juu."

Nikamwamkia, akaitikia, lakini hakuuliza habari za nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye jambo lake. Orodha yetu ya mashamba na majina ilikuwa imekabidhiwa kwa maafisa ardhi, nao walikuwa wameibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Mwenye pingamizi alitakiwa ajitokeze kabla hati hazijaandikwa.

"Jina langu halipo," alisema. "Shamba la mama yangu limeandikwa la mume wangu. Na mpwa wake ameshasikia, amekuja na basi, amezunguka kote mpaka kule kijitoni. Aliniuliza migomba ile nimeipanda lini. Mimi! Ananiuliza mimi kama mpangaji." Kisha akaongeza, "Wewe ulisema ni ya utafiti tu."

Niliona aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

Nikaenda kwa Dokta. Alinisikiliza vizuri, kwa sababu ni mtu mwenye adabu, na hiyo ndiyo shida yake kubwa: huwezi hata kugombana naye. Alisema ripoti ilishapokelewa, na kubadilisha jibu moja kungevuruga majedwali yote. Kisha akasema haoni tatizo.

"Si tulipendekeza hati ya pamoja? Huyo mama atapata nusu."

"Nusu ya shamba lake mwenyewe?"

"Ni hatua, dada. Mabadiliko ya kijamii hayaji siku moja."

Nikamweleza kuhusu wapwa, kwamba nusu ya mume itakwenda Kisaki siku akifariki. Macho ya Dokta yaling'aa, nikadhani ameelewa. "Hii ni makala nzuri sana," alisema. "Niandikie muhtasari, tutafute jarida." Nilipokuwa naondoka akaongeza, kwa upole uleule, "Halafu kumbuka, dada, ile fomu ulijaza wewe."

Nilimkasirikia mpaka nilipofika chini ya ngazi. Baada ya hapo hapakuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Siku ya pingamizi nilipanda. Sikuomba ruhusa, nilisema naumwa. Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa, watu wengine wamekaa nje kwenye mabenchi, wengine kwenye majani. Mama alikuwa benchi la mbele na khanga mpya, mumewe kando yake. Nyuma yao alisimama mpwa, mwanamume mzima mwenye shati lililopigwa pasi na uso wa mtu aliyekuja kusubiri chake. Afisa ardhi alikuwa kijana mpole kutoka mkoa mwingine, na kishikwambi alichoshika kilikuwa na mfumo wetu uleule.

Nikajitambulisha. Nikasema mbele ya watu wote kwamba fomu ya kaya hii niliijaza mimi, na niliijaza vibaya, na shamba ni la mama.

Afisa akanitazama kwa huruma. "Dada yangu, ripoti ya wataalamu inasema katika jamii hii mila zinamnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Nimeisoma mwenyewe. Kuna aya moja nzuri sana."

"Aya hiyo niliiandika mimi."

"Basi si unajua!" akasema, na wala hakuwa anatania.

Mama akasimama. Akataja jina la mama yake, na la bibi yake, na la mama wa bibi yake, na kila mmoja alichopanda na upande gani. Alipomaliza, wazee kwenye majani waliitikia kwamba ndivyo. Afisa akakuna kichwa. Nilimwona kwamba ameamini, na kwamba kuamini hakumsaidii kitu. Akaandika jina la mama. Kioo kikawa chekundu.

"Mfumo haukubali," alisema. "Una njia tatu tu. Jina la mume peke yake. Au majina mawili, mume kwanza. Au mke peke yake, kama ni mjane, ametalikiwa, au hajaolewa."

"Majina mawili hapana," mzee akasema. "Nusu yangu itapanda basi kwenda Kisaki." Mpwa akaanza kuangalia viatu vyake.

Afisa akashusha sauti. "Sasa, samahani wazee wangu, labda talaka? Ya kwenye mfumo tu."

Mama akamgeukia. "Miaka yote nimevumilia mikoromo ya huyu, leo nimwache kwa sababu ya kioo?"

Lakini mzee hakucheka. Alivua kofia yake ya kufuma, akaiweka gotini. "Talaka haitamkwi kwa mchezo, kijana. Mimi ni Mwislamu. Nikiitamka imepita, na jioni sina pa kulala." Akafikiri. "Niandike nimekufa."

"Umekufa?"

"Kufa hakuna neno. Mungu anajua niko hai. Huyo mfumo ndiye asiyejua."

Watu waliangua kicheko, isipokuwa afisa, aliyenikabidhi kishikwambi kana kwamba kinaunguza. "Dada, mfumo ni wenu. Fanya wewe."

Nikakishika. Mbele yangu alikaa mwanamume mzima, ametulia, ananisubiri nimuue. Sikubonyeza mara moja, na siyo kwa sababu ya sheria. Nilikuwa nawaza kwamba katika utafiti wetu wote, pamoja na semina na cheti na begi, mtu pekee aliyeelewa kwamba cheo chake cha mwanamume kinaweza kumharibia mkewe maisha alikuwa huyu mzee, na ili tumsikilize ilibidi afe. Nikabonyeza: hali ya ndoa, mjane. Kioo kikawa cha kijani. Jina la mama likakaa mahali pa mmiliki, peke yake.

"Pole, mama," afisa akasema kwa mazoea.

"Ahsante, mwanangu," mama akajibu. "Tumeshapoa."

Sekunde chache baadaye mwanamume mwingine akasimama kwenye majani. "Na mimi niue. Mimi pia ni mkwe hapa." Akafuata wa tatu. Wakapanga foleni. Afisa alijaribu kusema jambo kuhusu taratibu, lakini wake zao walikuwa wameshamzunguka, kila mmoja anataja mama yake na bibi yake. Nilibonyeza mpaka kidole kikaniuma. Kufika adhuhuri waume karibu wote wa mkutano ule walikuwa wamefariki, na adhana ilipotoka kwenye msikiti wa bondeni, marehemu waliinuka pamoja wakaenda kuswali. Mpwa hakuwaaga. Aliteremka njia ya Mlali kwenda kutafuta basi, na shati lake bado lilikuwa limenyooka.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa Dokta, majibu yalikuwa yanaingia kwenye kompyuta yake mjini.

"Dada, si uliniambia unaumwa? Nasikia uko huko. Kuna ugonjwa gani? Wanaume wamekwisha!"

Nikamweleza yote, nimesimama kando ya benchi, mama ananisikiliza. Nilimwambia kwamba mfumo ni mbovu, kwamba ripoti yetu ni ya uongo na uongo wenyewe nimeuandika kwa mkono wangu, na kwamba nitasema hivyo kwa wafadhili kama yeye hatasema.

"Sawa," alisema. "Hilo tutalijadili. Lakini kwa sasa, kwa kuwa wajane wameongezeka ghafla, hebu tuwekee aya moja ya wajane. Ni kundi maalumu."

Nikakata simu. Mama alikuwa amekunja nakala ya fomu yake mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga.

"Anasemaje mkubwa wako?"

"Anataka niandike habari za wajane."

Akatikisa kichwa, akanisogezea nafasi kwenye benchi. Nikakaa. Mzee alikuwa amerudi kutoka msikitini, akakaa upande wa pili, anainyoosha miguu yake juani.

"Na wewe umeolewa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mnalima?"

"Hatulimi. Tuna kiwanja upande wa Kihonda, tunajenga."

"Kimeandikwa jina la nani?"

Kiwanja kile nilikitafuta mimi. Msingi wake niliusimamia mimi, kila Jumamosi, juani, nikigombana na mafundi kuhusu saruji. Siku ya kuandikiana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa walitaka jina moja la mnunuzi, na mume wangu akaandika lake, na wala hakuwa na nia mbaya. Kisha wakataka mtu wa kushuhudia, na mimi nikasogea haraka, nikafurahi kupewa kalamu, nikasaini kwenye mstari wa shahidi.

"Jina la mume wangu," nikasema.

Mama akachukua mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kama tunavyoshikana msibani.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Na wako bado yuko hai."